Mlipuko wa Ruharo Haukuwa Risasi

Ilikuwa yapata saa nne na nusu za usiku. Askari sita wa doria, baadhi yao wa jeshi na baadhi wa polisi, walikuwa wamesimama katika kizuizi cha barabarani upande wa magharibi wa mji wa Mbarara, katika barabara iendayo Bushenyi, mahali ambapo taa za kilima cha Ruharo huanza kuonekana. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi uliopita na barabara ilikuwa kimya. Ghafla ikasikika milio mitatu mfululizo kutoka nyuma ya kona, pa! pa! pa!, na pamoja na milio hiyo ukaonekana mwali wa moto uliomulika majani ya migomba kando ya njia.

Askari wawili walijitupa chini. Wa tatu alikwisha kuikoki bunduki yake. Ndipo koplo mmoja, ambaye kazi yake katika kikosi ni udereva, alipoinua mkono na kupaza sauti, "Msipige! Msipige! Hiyo ni turbo!"

Lililotokeza konani ni Subaru Impreza la rangi ya buluu. Ndani yake walikuwamo kijana wa miaka ishirini na kitu pamoja na dada yake mdogo, wakitoka hospitalini kumpelekea shangazi yao chakula. Walisimama, wakasalimu, wakaonyesha vitambulisho. Kijana alipoulizwa kwa nini gari lake linatoa mlio wa bunduki, alijibu kwa fahari kidogo kwamba limefanyiwa hivyo makusudi, na kwamba amelilipia.

Habari hii ilinifikia asubuhi yake, kwa kuwa kazi yangu ni kuandika taarifa za jeshi kwa magazeti. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hapakuwa na taarifa ya kuandika. Lakini nilikaa mezani pangu kwa muda mrefu nikiifikiri taarifa ambayo ningelazimika kuiandika kama koplo yule asingekuwa zamu usiku ule. Ningeandika nini? Kwamba kijana raia na dada yake wamepigwa risasi kwa sababu ya bomba la moshi? Nikaazimia kwenda Ruharo mwenyewe kuuliza mlio ule unatengenezwaje, na nani anautengeneza, na sheria inasema nini juu yake.

GEREJI YA CHINI YA MWEMBE

Fundi niliyeelekezwa kwake ni Mkongo kutoka upande wa Kivu. Anaishi na jamaa zake katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, makazi ambayo yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo wengi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mtu kama huyu kufanya kazi, naye siku za juma hulala mjini karibu na gereji, kisha Jumamosi hurudi Nakivale na sukari na sabuni. Gereji yenyewe ni ukuta mmoja, paa la mabati na mwembe mkubwa. Magari saba yalikuwa yamefunguliwa boneti, na manne kati yake yalikuwa ya turbo.

"Karibu, Afande," alisema bila kuinua kichwa. "Umekuja kunikamata ao umekuja kujifunza?"

"Nimekuja kujifunza, Fundi."

"Basi vua kofia, itaingia oili."

Nilivua kofia, na kwa muda wa saa tatu nilijifunza mambo ambayo sikupata kufundishwa katika chuo cha makadeti, ambako tulifundishwa kuendesha magari na kuyahesabu, si kuyafahamu.

Turbo, kwa maneno mepesi, ni feni mbili zilizofungwa katika shafti moja. Feni ya kwanza imekaa njiani mwa moshi utokao katika injini. Moshi ule una joto na una nguvu, na katika gari la kawaida nguvu hiyo hupotea bure hewani. Hapa huizungusha feni, na feni hiyo huizungusha mwenzake, ambayo kazi yake ni kuvuta hewa safi ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi yaweza kuunguzwa, na petroli ikiunguzwa kwa wingi nguvu huzidi. Aliyeipatia hataza fikra hii mwaka 1905 ni mhandisi wa Uswisi aitwaye Alfred Büchi. Shafti hiyo, ambayo unene wake haushindi kidole, huweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, nayo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikatika kwa muda mfupi tu, turbo imekufa.

Nilimwuliza kwa nini vijana wa nchi za milimani kama zetu wanaupenda mtambo huu kuliko wenzao wa pwani. Alicheka, kisha akanieleza jambo ambalo kila dereva wa jeshi angefaa kulijua. Mbarara ipo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 85 tu ya ule wa Mombasa. Injini isiyo na turbo hupumua hewa kwa kadiri anga inavyoipa, kwa hiyo gari lililopanda kutoka bandarini hufika hapa likiwa limepoteza karibu sehemu moja ya saba ya nguvu zake, ijapokuwa halina ubovu wowote. Gari la turbo halikubali hasara hiyo, kwani huizungusha feni yake kwa kasi zaidi na kuifidia hewa iliyopungua. Ila fidia hiyo ina gharama. Turbo iliyopangwa ifanye kazi karibu na bahari, ikilazimishwa kutoa mgandamizo ule ule huku juu, huzunguka kupita kiasi, na hewa inayoishindilia huwa ya moto zaidi. Fundi asiyelijua hili akiongeza mgandamizo kwa pupa, feni hupasuka na vipande vyake huingia katika injini. Nilionyeshwa feni ya namna hiyo. Ilifanana na ua lililotafunwa na mbuzi.

Jambo la pili ni petroli. Magari mengi ya namna hii yaliundwa kwa ajili ya soko la Japani, na huko petroli ya daraja la juu ina oktani 100. Ya vituo vyetu haifiki hapo. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo na joto pasipo kulipuka kabla ya wakati wake. Petroli hafifu ndani ya injini ya turbo hulipuka yenyewe kabla mwako wa plagi haujaifikia, na pigo hilo huipiga pistoni kama nyundo. Mafundi husema injini inagonga. Ikigonga kwa muda, pistoni huvunjika kingo. Ndiyo maana kazi ya fundi wa kweli, akiletewa Subaru au Mitsubishi Lancer Evolution kutoka Japani, huanza kwa kupunguza, wala si kuongeza: hupunguza mgandamizo wa turbo, huchelewesha cheche, huongeza petroli kidogo ili kuipoza silinda. Vijana hawapendi kusikia neno kupunguza. Waundaji wa Japani wenyewe waliwahi kukubaliana kuyatangaza magari yao kuwa hayazidi nguvu farasi 280, mapatano yaliyodumu hadi mwaka 2004, lakini kijana wa Mbarara husema namba hiyo ni ya kuanzia tu.

MASEGA

Hapo ndipo tulipofika penye shina la shauri lenyewe, yaani moshi.

Chini ya gari la kisasa, katika bomba la moshi, mna kopo la chuma lenye tofali la vitundu vidogo vidogo kama sega la asali. Kwa sababu hiyo mafundi huliita masega. Vitundu vyake vimepakwa madini ghali, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, ilimradi masega yamepata moto wa nyuzi kama 300 za Selsiasi na zaidi, hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi, petroli isiyoungua humaliziwa kuungua, na oksidi za naitrojeni huvunjwa. Hakuna umeme wala kifaa kinachozunguka humo. Masega yana adui wawili wakubwa. Wa kwanza ni petroli yenye risasi, yaani ile madini ya risasi, si ya bunduki. Adui huyu alitoka katika vituo vya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006. Adui wa pili ni fundi.

Kwa nini fundi huyang'oa? Kwa sababu mbili, na ya kwanza ina ukweli ndani yake. Masega huizuia kidogo njia ya moshi, na turbo hutaka moshi utoke upesi. Kuyaondoa huipa turbo pumzi. Sababu ya pili haisemwi mbele ya mteja: madini yale yana soko. Wapo wanunuzi wapitao gereji hadi gereji wakitafuta masega makuukuu, na wakati mwingine kijana huambiwa masega yake yameziba, kumbe ni mazima, akalipishwa fedha ya kuyang'oa, kisha yakauzwa nyuma yake. Kijana hulipa fundi ili aibiwe. Huu ni wizi, na askari wa upelelezi wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa turudi kwenye mlio wa bunduki. Magari ya mashindano huwa na mpango ambao, dereva akiondoa mguu kwenye mafuta ili apige kona, kompyuta ya gari huendelea kumwaga petroli na kuichelewesha cheche, hata petroli hiyo ikaungulia ndani ya bomba la moshi badala ya kuungulia ndani ya silinda. Mlipuko huo huifanya turbo iendelee kuzunguka, ili dereva akikanyaga tena nguvu iwe tayari. Katika mashindano ya magari mpango huu una maana. Mbarara ni mji wa mashindano. Mara nyingi msimu wa ubingwa wa taifa umefunguliwa katika barabara zake za vumbi, na watoto wa hapa wameusikia mlio ule tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Uganda imewahi hata kumtoa bingwa wa Afrika, Charles Muhangi, mwaka 1999. Lakini gari la mashindano hufunguliwa na kutengenezwa upya baada ya kila shindano. Gari la kijana huenda sokoni, kanisani na hospitalini. Mpango ule huunguza vali, huichoma turbo, huyayeyusha masega kama bado yapo, na petroli inayomwagwa haiendeshi gari hata hatua moja. Ni fedha inayopigwa kiberiti.

"Na yule kijana wa Impreza la buluu," nilimwuliza, "mlio wake uliwekwa na nani?"

Fundi aliifuta mikono yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni mimi niliouweka, Afande."

Alinieleza bila kujitetea sana. Kijana alikuja na fedha mkononi na simu yenye picha za magari ya Ulaya yanayotema moto. Fundi alimwambia hasara zake. Kijana akasema kama hataki, yupo mwingine ng'ambo ya mto Rwizi atakayefanya kwa nusu ya bei. Karo ya watoto wawili ilikuwa inadaiwa. "Nikakaa kwa kompyuta, nikamwekea. Ilinichukua dakika arobaini." Habari ya kizuizi alikuwa hajaisikia. Nilipomsimulia jinsi bunduki ilivyokwisha kukokiwa, alikaa juu ya tairi akanyamaza. Mtu aliyetoka Kivu hahitaji kuelezwa maana ya bunduki kukokiwa gizani.

SHERIA ZASEMAJE

Wengi hudhani kwamba nchini mwetu moshi wa gari hauna sheria. La hasha. Uganda ina Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998, ambayo ilirekebishwa mwaka 2018 ili kuzuia kuingizwa nchini kwa gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Kenya imekwenda mbali zaidi, ambako kikomo ni miaka 8. Ipo Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019. Zipo kanuni za kelele za mwaka 2003, ambazo bomba lililotobolewa haliwezi kuzikwepa. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha moshi wa magari, namba EAS 1047, cha mwaka 2022. Hali kadhalika, tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya zilikubaliana kuuza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, hatua ambayo wananchi wengi hawakuitambua, ingawa waliivuta puani.

Kasoro ipo katika kupima. Sheria ya kuzuia gari kuukuu husimama mpakani. Haimgusi yule ambaye gari lake lilikwisha kuingia. Ukaguzi wa lazima wa magari ulioanza nchini mwaka 2016 kwa mkataba na kampuni ya kigeni ulisimamishwa baada ya malalamiko kufika Bungeni. Jirani zetu wa Rwanda walichukua njia nyingine, ambako polisi wenyewe ndio wanaoendesha ukaguzi wa magari, na kipimo cha moshi ni sehemu ya ukaguzi huo. Maoni yangu, nayo ni yangu mwenyewe, ni kwamba kipimo kilicho mikononi mwa askari mwenye mafunzo ni bora kuliko kanuni kumi zilizo kabatini.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba udanganyifu wa moshi na turbo ni tabia ya gereji za chini ya mwembe. Mwaka 1995 chama cha kimataifa cha mashindano ya magari, FIA, kiliagiza kwamba hewa yote iingiayo katika turbo ipite katika tundu lenye kipenyo cha milimita 34, ili kuzipunguza nguvu za magari. Katika mashindano ya Catalunya, Hispania, wakaguzi waligundua kwamba magari ya timu ya Toyota yalikuwa na springi zilizofichwa, ambazo mpira wa hewa ulipofungwa zilifungua upenyo wa siri kando ya tundu lile, na mpira ulipofunguliwa kwa ukaguzi upenyo ulijifunga wenyewe. Rais wa FIA wa wakati ule, Max Mosley, alikiri kwamba hajaona kifaa cha ustadi kama kile kwa muda mrefu. Toyota ilifutiwa pointi zake na kufungiwa kwa mwaka mmoja. Kampuni hiyo hiyo, kumbukeni, ndiyo iliyotawala Safari Rally kwa Celica ya turbo mwaka 1984, 1985 na 1986 bila ya hila. (Naye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliushinda mchuano huo mara tano kwa Datsun zisizo na turbo. Niliwahi kulisema hili mbele ya fundi. Alisema hizo zilikuwa zama nyingine, akarudi kazini.)

Kisha mwaka 2015 ikafichuka Marekani habari kubwa kuliko hiyo. Kampuni ya Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari yake ya dizeli ya turbo programu iliyotambua kwamba gari linapimwa. Wakati wa kupimwa injini ilijitia adabu. Barabarani ilitoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Tofauti baina ya wahandisi wale na fundi asiye mwaminifu wa Mbarara ni mshahara tu.

LORI LA MATOKE NA MAPAFU YA TRAFIKI

Nimeongea sana habari ya magari ya vijana kwa sababu ya kelele zake. Lakini ukisimama saa moja kandokando ya barabara kuu ya Mbarara utaona kwamba Subaru si kitu mbele ya lori. Malori ya matoke na maziwa yaendayo Kampala, na yale ya shehena yaendayo Kabale na mipaka ya Rwanda, karibu yote ni ya dizeli yenye turbo. Na karibu kila dereva anamjua mtu anayejua "kufungua pampu".

Kufungua pampu ni kuizungusha skrubu ya pampu ya dizeli ili imwage mafuta zaidi ya alivyopanga muundaji. Lori hupata nguvu ya kupanda kilima, hilo ni kweli. Lakini dizeli ikizidi hewa iliyopo haiungui yote, hugeuka masizi. Hali huwa mbaya zaidi wakati lori linapong'oka, kwa kuwa turbo bado haijapata kasi. Na huwa mbaya zaidi tena huku kwetu juu ambako hewa ni nyepesi. Chembe za masizi hayo ni ndogo mno. Nyingi hazifiki mikroni 2.5, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikroni kama 70. Pua haiwezi kuzizuia. Huingia hadi mwisho wa pafu, na nyingine hupenya hadi kwenye damu. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu visababishavyo saratani kwa binadamu.

Nani anauvuta moshi huo kuliko watu wote? Si dereva, ambaye bomba lake lipo nyuma yake. Ni askari wa trafiki asimamaye katikati ya mzunguko kuanzia asubuhi hadi jioni, mahali hasa ambapo malori husimama na kung'oka. Nilizungumza na sajini mmoja mwanamke wa trafiki aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Aliniambia kwamba kila jioni leso yake nyeupe hurudi nyumbani nyeusi, na kwamba mwanawe mdogo aliwahi kumwuliza kama kazi yake ni ya kuchoma mkaa. Alicheka aliponisimulia, kisha akakohoa.

Wala jeshi halina ruhusa ya kumcheka raia. Katika zoezi moja, ambalo sitataja mahali pake, dereva wetu hodari aliona fahari lori lake liwe la kwanza kufika kileleni, akafungua pampu yeye mwenyewe usiku. Kesho yake upande uliojifanya adui uliuona msafara wetu umbali wa kilometa nyingi kabla ya kuusikia, kwa nguzo ya moshi mweusi iliyosimama juu ya miti. Tuliambiwa tumekufa wote. Tulikaa kando ya njia tukila biskuti, marehemu, tukimtazama dereva wetu. Chujio la hewa la lori lile lilipofunguliwa lilikutwa limejaa vumbi tupu. Kulikung'uta na kulisafisha kusingegharimu chochote, na pengine kungempa nguvu ile ile aliyoitafuta kwa skrubu.

Askari aliye barabarani bila kifaa cha kupimia hawezi kujua asilimia, lakini macho yake yanatosha kwa mwanzo. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua: tazama pampu, nozeli na chujio la hewa. Moshi wa buluu ni oili: ringi za pistoni zimechoka, au mihuri ya turbo imepasuka. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huwa ni maji yanayoingia katika silinda kwa gasketi iliyoungua. Bomba linalonuka petroli mbichi wakati gari limesimama tu na kunguruma, basi uliza masega yako wapi. Na kwa gari la petroli lililong'olewa masega, usikae nyuma yake katika gereji iliyofungwa milango, kwani kaboni monoksidi haina rangi wala harufu.

JIONI RUHARO

Nilirudi kwa fundi baada ya juma moja. Impreza la buluu lilikuwa limepandishwa juu ya mawe na mwenyewe amesimama kando, mikono mifukoni. Nilitambua kwamba mabishano yalikuwa yamekwisha kufanyika kabla sijafika.

Fundi alikuwa amemrudishia masega, ya aina yenye vitundu vipana zaidi ili moshi usizuiwe sana. Alikuwa ameirudisha sensa ya oksijeni, ambayo kwanza ilikuwa imefungwa waya wa kuidanganya kompyuta. Kisha alifungua mpango wa injini na kuufuta ule wa milipuko. Alinionyesha kipimo kidogo alichokifunga mbele ya dereva. Gari likiwa limesimama na kunguruma, kilisoma 14.7, maana yake gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, na hicho ndicho kiasi ambacho masega hufanya kazi yake vizuri kabisa. Huko ndiko gari linakokaa muda mwingi wa maisha yake: mjini, kwenye foleni, langoni mwa shule, mbele ya kizuizi. Turbo ikiamka na dereva akikanyaga hadi mwisho, namba hushuka hadi 11.5 hivi, petroli huzidi ili kuipoza injini, na moshi huchafuka.

"Hapo sina dawa, Afande," alisema. "Nguvu yote na hewa safi yote, kwa petroli hii, haviwezi. Ila kwa siku nzima hapo ni dakika mbili, ao tatu. Zile saa zingine zote gari ni safi."

Nilipenda jibu lile kwa sababu halikuahidi zaidi ya lilivyoweza kutoa.

Kijana hakuwa na furaha. Alisema rafiki zake walimtambua kwa mlio, na sasa gari lake litakuwa kama la mwalimu. Dada yake, ambaye alikuwa amekaa juu ya tairi akisoma daftari la shule, alisema bila kuinua macho kwamba yeye hapandi tena gari linalowafanya askari walale chini. Kaka yake hakumjibu. Alilipa, akawasha, akasikiliza. Gari lilinguruma kwa sauti nzito ya chini ambayo wapenzi wa Subaru huijua. Fundi aliingia naye wakapanda kilima hadi kanisani, wakashuka. Walipoondoa mguu kwenye mafuta konani, sikusikia kitu ila matairi juu ya lami.

Saa moja jioni niliondoka kwa njia ile ile. Katika kizuizi alikuwapo koplo wetu. Impreza lilikuwa magari mawili mbele yangu. Koplo alimulika tochi ndani, akamtambua kijana, akainama dirishani akasema neno ambalo sikulisikia. Kisha akalizunguka gari hadi nyuma, akapiga magoti karibu na bomba la moshi, akaweka kiganja chake mbele yake kwa nukta chache kama mtu anayepima homa ya mtoto. Aliinuka, akajipangusa magoti, akawapungia mkono wapite.